Nyumba Alimojificha Nyenje

Hapo zamani, katika mji wa Kivungwe, alikuwako sultani aitwaye Haidari, ambaye Mwenyezi Mungu alimjalia kilemba. Washairi wake walisema kajaliwa na akili pia, ila hao walikuwa wakila kwake. Kilemba chenyewe kilikuwa kikubwa hata milango ya jumba ikavunjwa na kuinuliwa ili kipite, na Sultani hakukivua mchana wala usiku, kwa kuchelea mtu asije akakivaa akatawala yeye.

Basi siku moja, baraza ikiwa imejaa, ikasikika sauti: kri, kri, kri. Sultani akanyamaza, nayo ikaendelea. Akasema, nayo ikasema pamoja naye. Akaghadhibika mno.

"Nani huyu anijibuye?"

Waziri wake, Mbwarali, akainama. "Ni nyenje, Seyyid. Mdudu mwasi."

"Yuko wapi?"

Hapo ndipo penye kisa. Waziri alikaa kushoto kwa Sultani, na sauti ikamwingia sikio la kulia. Kadhi alikaa kulia, ikamwingia sikio la kushoto. Na baina ya wawili hao hapakuwa na kitu ila Sultani na kilemba chake. Mtoto mdogo angeng'amua na kusema, lakini mtoto hajui thamani ya shingo, na Waziri aliijua yake vizuri sana. Akanyoosha kidole dirishani kuelekea mtaa wa maskini, maana huko ndiko liendako kila kosa lisilo na mwenyewe.

Ikatoka amri, ikapigiwa mbiu mji mzima: "Nyumba alimojificha nyenje huyu itabomolewa yote, kuanzia paa, iwe ya fukara au ya mwungwana, hata ikiwa yangu mimi Sultani; wala hapana msamaha." Maneno hayo ya mwisho watawala hupenda sana kuyasema, kwa kuwa hayajawahi kuwafika.

Sultani akatoka kwa matari na siwa, kiti chake cha enzi kikichukuliwa nyuma, akasimama mbele ya nyumba ya msuka mikeka, akatega sikio. Kri, kri. "Yumo!" Ikabomolewa. Akavuka njia. Kri, kri. "Amehamia huku!" Ikabomolewa. Ikawa kila aendako Sultani, kwa ajabu kubwa, nyenje yupo, na wakuu wa baraza wakausifu sana uhodari wa masikio yake.

Mwisho wakafika kwa Bi Mize, mjane muuza vitumbua. Kibarazani kwake alikuwa akilala Vuai, mtu asiye na kazi wala haya, ambaye Bi Mize alimlisha vitumbua vilivyoungua. Kri, kri. Bi Mize akapiga magoti.

"Seyyid, nyumba hii ndiyo aliyoniachia marehemu. Nimezalia humu, nimezikia humu. Nisamehe, sina pengine."

"Hukusikia mbiu, wewe?" akasema Sultani. "Hapana msamaha."

Bi Mize akalia, na Vuai roho ikamuuma, maana alimpenda mama yule kuliko hata vitumbua vyake. Akajitokeza mbele.

"Seyyid, niruhusu nikuoneshe nyumba ya nyenje."

"Usipoionesha, nitakukata masikio yote mawili."

"Na iwe hivyo. Nikiisha kukusikia wewe, Seyyid, ya nini tena masikio?"

Sultani akadhani amesifiwa, akamruhusu.

"Mungu katupa masikio mawili," akasema Vuai, "ili yashitakiane. Sauti ikitoka kulia, sikio la kulia hula kwanza likashiba, la kushoto likafika limechelewa likapata makombo. Ndipo mtu akajua itokako. Sasa mpiga tari na asimame pale pale apige, nawe ugeuke."

Tari likapigwa. Sultani akageuka, na mlio ukahama kutoka sikio moja hadi la pili. "Kweli!" akasema, kwa furaha ya mtu aliyejua leo kwamba ana masikio.

"Sasa msikilize nyenje, ugeuke vile vile."

Tari likanyamaza. Kri, kri. Sultani akageukia kulia, akageukia kushoto, akazunguka kama pia, na nyenje hakuhama hata kidogo. Masikio yote mawili yakashiba sawasawa.

"Ajabu! Yuko pande zote!"

"Pande zote, Seyyid," wakaitikia Waziri na Kadhi.

"Anageuka nawe," akasema Vuai. "Umembeba. Tafadhali keti."

Sultani akaketi. Vuai akaichukua ngazi ya wabomoaji, akaiegemeza kwenye kiti cha enzi.

"Amri yasema kuanzia paa, Seyyid?"

"Naam, kuanzia paa," akajibu Sultani, upesi kuliko akili yake.

Vuai akapanda, akaanza kukikunjua kilemba. Nguo ikashuka, ikajaa njiani, ikafika hata miguuni pa Kadhi, na katika kunjo la mwisho akaruka nyenje mnono. Chini yake kikabaki kichwa kidogo, cheupe kwa kukosa jua.

Sultani akamgeukia Waziri. "Umekaa ubavuni pangu siku zote hizi. Hukumsikia?"

"Nilimsikia, Seyyid. Nilidhani ni fikra zako."

"Kazi haijaisha," akasema Vuai. "Paa limeshuka. Amri yasema nyumba yote."

Wabomoaji, watu watiifu, wakainua nyundo zao. Sultani akakikumbatia kichwa chake kwa mikono miwili.

"Vuai! Hapana msamaha?"

"Hukusikia mbiu, Seyyid?"

Sultani akashuka kitini, akapiga magoti pale pale alipopiga Bi Mize. "Bibi, nitetee."

Bi Mize akakitazama kile kichwa kwa muda, akajifuta machozi. "Mwacheni," akasema. "Humo alikuwamo nyenje tu, naye ameshatoka."

Mtaa mzima ukaangua kicheko, na safari hii, naam, kilitoka pande zote. Sultani akaona haya, kisha akacheka naye, wa mwisho kama desturi yake. Akaamuru Waziri na Kadhi wazijenge nyumba zote kwa mikono yao wenyewe, na nguo ya kilemba ikatundikwa iwe kivuli cha waliobomolewa.

Vuai alipoulizwa ataka nini, akaomba masikio yake. Akapewa, na Bi Mize akamwongezea vitumbua visivyoungua.

Hapo hekaya imeingia ndani na kufunga mlango. Nawe msomaji, ukisikia kri, kri, geuza kwanza kichwa kabla hujanyoosha kidole.