Herufi Tatu za Mkeshaji

Hapo zamani, zamani ya juzijuzi ambayo walioishuhudia bado wanapanga foleni benki na kubishana kwenye simu, paliishi shujaa jijini Mbeya. Hakuwa mtu wa damu, alikuwa mtu wa wino. Jina lake Mkeshaji, na makao yake gazeti la katuni.

Mkeshaji alivaa koti refu na kinyago cha chuma, kama kile cha fundi wa kuchomelea mageti, na hakuna aliyewahi kuuona uso wake. Mtoto akilia Mwanjelwa, Mkeshaji alisikia. Nyumba ikiungua Soweto, ile ya hapohapo Mbeya, Mkeshaji alifika. Mwizi akipanda nguzo Iyunga kukata nyaya, alimkuta Mkeshaji ameshakaa juu anamsubiri. Aliruka, akaokoa, akaondoka, na kila alipoondoka alisema yaleyale: "Laleni, nipo."

Aliyemtunga na kumchora alikuwa Mzee Mwakalobo. Lakini mkono wa mzee ulikuwa mzuri kwa picha na mbaya kwa herufi, kwa hiyo maneno ya kwenye viputo aliyaandika binti yake, Tusajigwe. Kiputo mnakijua: lile duara linalotoka mdomoni mwa mtu wa katuni, limebeba usemi wake.

Sasa tulieni, maana ugomvi wote umetoka hapa.

Katika toleo moja, adui mkubwa, Jitu la Makaa, alimkaba Mkeshaji shingoni akamdhihaki: "Huna nyumba, huna mtu. Unamkeshea nani?" Na Mkeshaji, huku amekabwa, akajibu: "Nimeolewa na mji huu."

Nimeolewa. Hakusema nimeoa. Na Kiswahili chetu kimeshaamua nani huoa na nani huolewa. Hata mtoto wa chekechea akiteleza hapo anachekwa. Basi wasomaji wakacheka. Wakasema ni kosa la kiwandani. Wakasema mchapaji alikuwa amelewa, na ulevi wake ukamwagikia ndani ya neno. Kisha wakachukua kalamu, kila mmoja kwenye nakala yake, wakakata herufi tatu, l na e na w, wakafuta na ile "na" ya jirani. Likabaki: "Nimeoa mji huu." Wakaridhika. Kaka yao akabaki kaka.

Mzee Mwakalobo akafariki. Gazeti nalo likafa nyuma yake.

Hapo anaingia mtu wa pili, Ambakisye, kinyozi. Ambakisye alikataa kuzika. Alimchora Mkeshaji kwenye ukuta wa kibanda chake, dari mpaka sakafu. Mtoto akiogopa mashine ya kunyolea, Ambakisye alimgeuzia kiti ukutani akamsimulia toleo zima, na kichwa kilikwisha kunyolewa mtoto hana habari. Nakala zilizochanika alizichora upya kwa mkono, akawaazima watu. Akaanzisha Chama cha Wakeshaji. Wanachama walisalimiana barabarani, mmoja "Laleni!", mwingine "Nipo!", na wapita njia wakadhani ni wagonjwa. Kwa miaka yote ambayo Mkeshaji hakuwa na gazeti, alikuwa na kinyozi.

Kisha mhariri mmoja, Bwana Kisamo, akaamua kulifufua gazeti. Akampa kazi hiyo mwandishi na mchoraji kijana, mtoto wa Kipare aliyekulia Mbeya, anaitwa Nakiete. Nakiete akakusanya matoleo yote ya zamani, akayasoma, akafika kwenye lile neno. Hakucheka. Akarudi mwanzo akasoma tena, safari hii akimtafuta mwanamume.

Hakumpata! Aliruka, akaokoa, akaondoka: hiyo "a" ya Kiswahili haina ndevu wala hereni. Hakuna mahali Mzee Mwakalobo alipoandika bwana, wala kijana, wala baba. "Kaka" lilikuwa la wasomaji. Na ninyi mnaonisikiliza, nilipoanza kusema aliruka, aliokoa, mlimwona nani? Nyamazeni tu, sihitaji jibu.

Basi Nakiete akaandika toleo jipya. Soko linawaka. Mtoto amejibanza chini ya meza ya nyanya, moshi umemzidi. Mkeshaji anaingia, ananyoosha mkono. Mtoto anauona ule uso wa chuma, anaogopa, anarudi nyuma, anazidi kuingia kwenye moto. Mkeshaji ananyoosha tena. Mtoto anarudi tena. Na Mkeshaji akafanya ambacho hakuwahi kufanya tangu atungwe: akavua kinyago. Alikuwa mama wa makamo, mvi kidogo pembeni mwa masikio, jasho usoni. Mtoto akampa mkono.

Toleo likaishia hapo, na jiji likalipuka.

Chama cha Wakeshaji kikaitisha mkutano kwenye ukumbi wa parokia, Jumamosi mchana, mvua inapiga bati. Nakiete akaitwa ajieleze, akaja. Bwana Kisamo naye akaja, bahasha kubwa kwapani.

"Tumeibiwa kaka yetu!" akaanza mmoja.

"Nani alikwambia ni kaka?" akadakia mwingine.

"Anaruka ghorofa, wewe! Mwanamke anaruka ghorofa?"

"Mama yako anapanda ghorofa na ndoo ya maji kichwani kila siku. Akiwa mikono mitupu atashindwa kuruka?"

"Mwe! Mama yangu ameingiaje humu?"

"Na sasa atapigana na Jitu la Makaa amefunga kibwebwe?"

"Alikuwa amefunga siku zote, kaka. Koti lilikuziba macho."

Wakacheka, wakazomeana, mpaka Ambakisye aliposimama. Wote wakanyamaza, kwa sababu nusu ya vichwa vilivyokuwa mle ndani alivinyoa yeye.

"Dada Nakiete," alisema, "sijaja kukutukana. Kuchora unajua, kuandika unajua. Lakini nikuulize. Una mji mzima wa kuandika habari zake, kwa nini usitunge wa kwako? Mtunge mwanamke, mpe jina, mpe mabawa ukitaka, mimi nitakuwa wa kwanza kununua. Huyu wetu ulimfuatia nini?"

"Sikumfuata, kaka Ambakisye. Nilimkuta. Ameandikwa pale, nimeolewa."

"Lile ni kosa la mchapaji! Kila mtu anajua!"

"Nakala yako iko wapi?"

Ambakisye akaiinua, maana alikuja nayo. Nakiete akaipokea kwa mikono miwili, akafungua pale, akawaonyesha watu. "Hii mikwaruzo ya kalamu kwenye neno ni ya mchapaji?"

Ambakisye akaitazama ile mikwaruzo.

"Umeikata wewe. Mmeikata nyote. Halafu mimi niliyeliacha neno kama nilivyolikuta ndiye mnayeniita mbadilishaji."

Na hapo, jamani, mimi ningeweka kalamu chini nikasema kesi imekwisha. Mtu amefuta herufi tatu kwa mkono wake, anamshika mwenzake shati kwamba amegeuza hadithi! Jeuri hiyo inatoka wapi? Lakini haikwisha, kwa sababu Ambakisye hakujibu kama mtu aliyeshindwa. Alijibu taratibu.

"Ni kweli. Nilikata. Nilikuwa darasa la nne. Baba yangu alikuwa ameondoka mwaka ule kwenda Zambia, hakurudi. Mama alifunga mlango kwa gogo. Mimi ndiye mwanamume pekee niliyebaki mle ndani, na nilikuwa silali. Nikasoma: Laleni, nipo. Nikalala, dada. Mtu mzima mwanamume alikuwa yupo nje. Sasa unaniambia hakuwepo."

"Alikuwepo," Nakiete alisema. "Sijasema hakuwepo."

"Aliyekuwepo ni mwingine."

"Ni yuleyule."

"Kwako wewe ni rahisi kusema."

Nakiete akaifunga ile nakala, akamrudishia kwa mikono miwili.

Nyuma kabisa ya ukumbi mama mmoja akasimama, mtandio begani, mwavuli ukidondosha maji. Hakuna aliyemtambua. Akasema, "Samahanini. Mimi ni Tusajigwe, binti wa marehemu Mzee Mwakalobo. Yale maneno niliyaandika mimi."

Watu wakampisha mpaka mbele. Kiti kikaletwa, akakataa kukaa.

"Mchapaji hakuwa mlevi," alisema. "Alikuwa mlokole, hata togwa hanywi. Mmemsema bure. Baba aliniandikia kwenye karatasi: nimeoa mji huu. Lakini wiki ile nilikuwa naolewa. Mchana kutwa naandika kadi za mwaliko, za ukoo mzima na majirani: binti yetu anaolewa, anaolewa, anaolewa. Jioni nikakaa kuandika viputo. Mkono ukaenda wenyewe."

"Kwa hiyo ni kosa!" wakapiga kelele upande mmoja. "Mmesikia? Kosa!"

"Ni kosa," alisema Bi Tusajigwe. "Nilipoliona nikamletea baba nikilia, wino umeshakauka. Akalitazama. Akalitazama sana. Akasema, acha. Nikamwambia, baba, watu watacheka. Akasema, acha, huyo amejisemea mwenyewe."

Upande wa pili nao ukapiga kelele. "Mmesikia? Mzee alikubali!"

"Hakusema anakubali nini," alisema Bi Tusajigwe. "Alisema acha."

Nikiri kwamba huyu mama naye ana la kujibu. Miaka yote hiyo watu wanamcheka mchapaji wa watu, yeye amekaa na ukweli nyumbani kwake kama sufuria ya akiba. Ambakisye alimuuliza hilohilo: "Mama, kwa nini hukusema?" Akajibu, "Nani aliniuliza, mwanangu? Jina langu halikuwahi kuandikwa kwenye gazeti." Na hilo nalo, mtalijibu nini?

Ndipo Bwana Kisamo akafungua bahasha yake. Akatoa ukurasa mmoja, akauweka mezani: picha ya kwanza ya toleo linalofuata. Soko limeungua, mji mzima umesimama, na katikati yupo Mkeshaji, kinyago mkononi, uso wazi, mtoto kamng'ang'ania mguuni. Kinywa kimefunguka. Kiputo kimechorwa, na ndani ya kiputo hamna kitu.

"Toleo lililokwisha kutoka halirudi," alisema. "Uso ameshauonyesha, watu wameshauona. Lakini kusema bado. Atakalouambia mji hapa ndilo litakaloamua huyu ni nani, tangu leo. Ninyi watatu mnaomgombania, mmoja wenu ataandika. Atakayeandika ndiye atakayebaki na Mkeshaji, na wengine wawili wataachia. Mimi sitaki kesi ya kila mwezi."

Akaweka kalamu juu ya ukurasa.

Nakiete akasema: "Nipeni mimi. Mlikuwa na shujaa kwenye makabati, anavuta vumbi. Mimi nimemsimamisha sokoni. Na mimi ndiye niliyelisoma lile neno bila kulikata. Nikinyang'anywa leo, yule mama aliyevua kinyago ataambiwa akivae tena, akae kimya. Ningeandika: Ni mimi yuleyule."

Watu wakapiga makofi.

Ambakisye akasema: "Nipeni mimi. Dada huyu alimkuta Mkeshaji kwa sababu palikuwa na wa kumkuta. Nani alimbeba alipokuwa hana gazeti? Na mama huyu simfukuzi, mnielewe. Nimeona alivyompa mtoto mkono, na nililia, sioni aibu. Lakini wapo watoto waliolala kwa sababu ya yule kaka, na wengine sasa wana watoto. Ningeandika: Mwenzangu amelala leo, nimemshikia zamu. Hapo wote wawili wanabaki. Hakuna anayeporwa."

Watu wakapiga makofi, na baadhi ni walewale.

"Ananishikisha zamu!" Nakiete alisema, sauti imepanda. "Umeona, kaka? Hata ukiwa mwema unanipa zamu ya mtu!"

"Na wewe unanipa mama badala ya baba," Ambakisye alisema, "halafu unataka nikushukuru."

Bi Tusajigwe akasubiri wamalize. Akasema: "Nipeni mimi. Mkono huu ndio uliosema maneno yake yote, la kwanza mpaka la mwisho. Lile mnaloligombania lilitoka kwenye kuteleza kwangu, na baba akaniachia. Mimi nisingeandika kitu. Kiputo kingebaki kitupu. Akivua kinyago asiulizwe yeye ni nani. Mnyamaze ninyi, mumtazame."

Safari hii hakuna aliyepiga makofi, lakini hakuna aliyezomea.

"Mama," Nakiete alisema polepole, "mwanamke akiachwa kimya, watamjazia wao. Walishawahi."

"Najua," alisema Bi Tusajigwe. "Na ukisema wewe kwa niaba yake, si ndiyo kujaza?"

Mvua ikazidi kwenye bati. Bwana Kisamo akatazama saa, akasema mtambo unasubiri. Watatu wale wakazunguka meza, hakuna aliyegusa kalamu, na hakuna aliyerudi nyuma.

Na mimi nimewafikisha hapo, siendi mbele. Msiniambie wagawane, kiputo ni kimoja. Msiniambie mhariri aamue, mhariri alishakwepa. Mmoja aliteleza, na kuteleza kwake kukazaa kitu ambacho hata baba yake hakukipangia. Mmoja alikata herufi tatu, halafu akazilipa kwa kumbeba aliyemkata. Mmoja alisoma kilichoandikwa, akampa uso mtu ambaye hakumzaa. Wawili kati yao watatoka ukumbini kwenye mvua wakiwa hawana Mkeshaji.

Je, kalamu ile alistahili nani?