Labda Iliyoachwa Njiani

Asiyesema labda, husema laiti. Mlinisikia asubuhi nikimwambia shangazi yenu hivyo, alipoapa kwamba ni jirani aliyemwibia kuku, nanyi mkacheka mkidhani bibi yenu amejitungia maneno. Sikutunga kitu. Sogeeni hapa, na wewe Mukhwana weka hiyo simu chini kwanza. Methali hii ina wenyewe, na ilizaliwa kwa uchungu.

Zamani, katika kijiji kimoja huku kwetu ng'ambo ya mto, palikuwa na kijana aliyeitwa Khaemba. Alimwacha mkewe, Nasambu, na mtoto mchanga, akaenda nchi ya mbali kukata mkonge pamoja na jirani yake Makokha. Huko walikaa kambi moja, ila mabanda mbalimbali, kila mmoja na wenzake. Mvua zilipoanza, homa ikaingia kambini na watu wakawa wanakufa. Asubuhi moja Makokha akaona maiti ikitolewa katika banda la kina Khaemba, imefunikwa gubigubi kwa blanketi. Blanketi lile alilijua vizuri, maana lilikuwa na kiraka chekundu ambacho Nasambu alikishona kwa mkono wake. Makokha hakuuliza mtu. Aliiogopa ile homa, akafunga mzigo siku hiyohiyo na kushika njia ya nyumbani.

Sasa tegeni masikio, kwa sababu jambo liliharibikia njiani. Alipotoka kambini Makokha alikuwa akijisemea, "Huenda yule alikuwa Khaemba." Mpaka hapo hakuwa na kosa. Akatembea, akalala kwa watu, akawasimulia, nao wakamsikitikia na kumpa chakula. Baada ya siku kadhaa akawa anasema, "Lazima alikuwa yeye. Nani mwingine angefunikwa blanketi lake?" Habari ni ileile, hakuongeza alichokiona hata kidogo, ila maneno yalikuwa yananenepa. Alipofika kijijini, ua wa kina Khaemba ukajaa watu, akapewa kiti katikati.

"Khaemba hatunaye," akasema.

Nasambu hakulia. Alimkazia macho, akamwuliza, "Shemeji, ulimwona uso?"

Hapo Makokha angeweza kusema labda. Lugha yetu si maskini, wajukuu zangu. Tuna labda, tuna huenda, tuna yamkini, tuna nadhani, na hatukuachiwa maneno hayo yawe mapambo. Lakini aliwatazama wazee, akaona wamekwishavua kofia, akaona haya kwamba ametoka kote kule na habari nusu.

"Nilimwona," akajibu. "Hakika ni yeye."

Baba yake Khaemba akamwuliza taratibu, "Mwanangu, unajua au unadhani?"

"Najua, mzee."

Basi yakaisha. Kwa desturi ya pale, mtu akifia mbali na mwili wake usipatikane, huzikwa mgomba mahali pake. Wakachimba kaburi, wakakata mgomba, wakaulilia kama mtu na kuufukia. Mwaka ulipopita wakamwambia Nasambu arithiwe na Sikuku, mdogo wake marehemu. Nasambu alikataa, akasema moyo wake haujakubali kwamba mumewe amekufa. Wakamjibu kwamba Makokha alimwona. Maskini ya Mungu, angebisha na nini? Akakubali, na baadaye akashika mimba.

Siku moja mchana Khaemba akaingia uani, amebeba sufuria mpya kichwani, zawadi ya mkewe. Akaliona kaburi. Akamwona mdogo wake akitoka katika nyumba aliyoijenga yeye, na Nasambu nyuma yake, tumbo liko mbele. Hakuna aliyemkaribisha. Sikuku aliinamisha kichwa, baba mtu akageukia ukuta, Nasambu akajifunika uso kwa leso. Hata Khaemba mwenyewe alitazama chini, akaona haya kuwa hai. Hakuna kati yao aliyekuwa na kosa, na wote walitamani ardhi iwameze.

Makokha akaitwa.

"Ndugu yangu," Khaemba akamwuliza, "uliniona nimekufa?"

"Niliona blanketi lako."

"Nilimfunika mwenzangu aliyekuwa akitetemeka kwa homa. Akafa nalo. Mimi nikapelekwa shamba jingine, mbali zaidi. Kwa nini hukusema labda?"

Makokha akaketi mavumbini. "Niliona aibu kusema sijui."

Nasambu akafunua uso. "Uliona aibu," akasema. "Na hii yangu je, nitaipeleka wapi? Ungeniachia labda moja tu, Makokha. Ningemngoja nayo mpaka nizeeke."

Makokha akafungua kinywa. "Laiti," akasema, na maneno mengine hayakuja.

Wazee wakakaa, wakaamua Nasambu abaki kwa Sikuku kwa ajili ya mtoto aliyekuwa tumboni. Khaemba akaenda kujenga kwingine, na ile sufuria akaiacha palepale uani kwa sababu hakujua ampe nani. Makokha aliishi miaka mingi. Kila alipokutana na Nasambu njiani aliingia majanini kumpisha, akiangalia miguu yake mwenyewe na kusema neno lilelile, laiti, naye Nasambu alipita zake. Watu walioyaona hayo ndio walioanza kuwaambia watoto wao: asiyesema labda, husema laiti.