Debe Lililokuwa Karibu

Mwanamke mmoja, Somoe, alikuwa na mpishi mtiifu aliyeitwa Esha. Kila alipotumwa kitu, Esha alikitafuta kwa mpangilio uleule: kwanza rafu ya jikoni, halafu stoo, mwisho ghala la mama mkwe, ng'ambo ya ua. Alisoma jina lililoandikwa kwa mkaa ubavuni mwa debe. Akishaliona, alichota na kuacha kutafuta. Hakuonja. Kwa miaka sita hakuna aliyeugua kwa chakula chake.

Ghalani mlikuwa na unga wa muhogo mchungu, uliolowekwa siku nne, ukakaushwa, ukatwangwa. Mama mkwe aliusimamia mwenyewe, maana muhogo ule usipolowekwa huua.

Siku moja Somoe alitwanga muhogo kidogo usiolowekwa, apate gundi ya kubandikia majalada ya madaftari ya wanawe. Akautia kwenye debe, akaliweka rafuni, akaandika: Muhogo. Hakudanganya. Ulikuwa muhogo.

Siku ya tatu, akitoka kwenda shambani, alisema, "Esha, leo wapikie watoto ugali wa muhogo."

Alikumbuka akiwa katikati ya matuta. Jembe likamtoka mkononi. Alikimbia njia nzima, akaingia jikoni, akaliona debe liko mahali pake. Akalimwaga chooni lote, akasugua jina kwa kiganja mpaka likafutika. Akanawa mikono.

Ndipo aliposikia watoto wakigombania ugali mkekani. Esha alikuwa ameshachota unga wa kutosha tangu asubuhi, ukakaa kwenye bakuli lake la kupikia. Hakuwa na haja ya kurudi rafuni.

Somoe alimtia mdogo kidole kinywani, akatoa tonge. Mkubwa, Hashiri, akasema, "Mimi nimekula matatu tu, mama. Machungu."

"Unga umeutoa wapi?" Somoe aliuliza.

"Ulisema muhogo, mama," Esha akajibu. "Rafuni kulikuwa na muhogo. Ghalani ningefuata nini tena?"

Walimbeba Hashiri kwenda zahanati. Somoe hakuondoa macho kwenye midomo ya mwanawe, wala hakumlaumu Esha.

Wewe unayesikia, na moyo wako ni mtiifu kama Esha: unajua ni nini ulichokiweka kwenye rafu ya karibu, ukakiandika jina la kile kinachokulisha?