Pipa Ambalo Yunia Alilikataa

Ninyi mnaopenda kuhukumu, kaeni vizuri, maana hadithi hii haitaisha bila ninyi.

Katika mji mdogo wa Nyarukubo palikuwa na kiwanda cha sabuni ya mche. Mzee Gwassa alikianzisha kwa pipa moja la mawese, na kwa miaka thelathini na tatu kikaendeshwa na watu watatu aliowaajiri wakiwa vijana.

Misago alikuwa na masikio. Alipika mawese na magadi akiwa amefumba macho, na kwa mlio wa pipa tu akajua wakati wa kuchomoa kuni.

Bukuru alikuwa na mkono. Alikata miche kwa waya bila kipimo, na ukiipeleka kwenye mizani, hakuna uliouzidi mwingine.

Yunia alikuwa na ulimi. Aligusisha sabuni kwenye ncha ya ulimi, akatema, akajua kama magadi yamezidi. Magadi yakizidi, sabuni huchubua ngozi. Kwa hiyo ulimi huo ndio uliolinda mikono ya mji mzima.

Kiwandani palikuwa na desturi moja. Kabla ya kukata, kila mmoja lazima aseme, "Imeiva." Mmoja akisema, "Bado," pipa linarudi motoni, hata kama wenzake wamechoka namna gani. Wakikubaliana wote, ndipo miche inapigwa chapa ya shaba yenye umbo la jembe. Ukiona jembe, ujue watu watatu wamekubali.

Basi wiki moja ya kufungua shule, wateja walijaa mlangoni tangu asubuhi. Yunia akaonja, akatema.

"Bado."

"Dada Yunia, hii mara ya tatu leo," Bukuru akalalamika. "Wewe siku hizi hata ukionjeshwa maji ya mtungi utasema bado."

"Gombana na ulimi, usigombane na mimi."

Wakacheka. Yunia akajifunga kanga yake akaenda nyumbani, akijua wenzake watawasha moto tena. Kesho yake alikuta rafu tupu, akafurahi kwamba sabuni imeiva na imeuzwa.

Siku ya tatu wakaja akina mama na watoto waliobabuka viganja. Mmoja akautupa mche miguuni pa Yunia.

"Si wewe unayeonja? Ulionja nini, mkono wa mwanangu?"

Yunia aliuokota. Ulikuwa na jembe. Akamtazama Misago, naye Misago alikuwa anakoroga pipa lisilo na kitu. Akamtazama Bukuru, naye Bukuru alikuwa anafuta waya uliokwisha kufutwa. Watu hawa walibeba jeneza la mumewe. Walikula naye sahani moja tangu ujana.

"Mlisema imeiva kwa kinywa changu?"

Misago akaendelea kukoroga, Bukuru akaendelea kufuta. Yunia akatamani afadhali wamtukane.

Pipa likakaa wiki sita bila moto. Kiwanda kingekufa hapo, lakini hakikufa, na sikilizeni kwa nini.

Bukuru alisimama sokoni siku ya gulio, mbele ya wakwe zake, akasema, "Yunia alikataa. Tuliokata ni sisi." Walimzomea mpaka akapoteza kiatu kimoja, lakini tangu siku hiyo watu wakakubali kusikiliza.

Misago alizunguka nyumba kwa nyumba, vijiji kumi na kimoja kwa miguu, akiuchukua kila mche mbaya. Alirudi na yote, akaipika upya, akasikiliza pipa kama mtu anayesikiliza kifua cha mgonjwa.

Yunia alikwenda gulioni na beseni. Kila sabuni mpya ilipotoka, alinawa nayo uso wake mwenyewe mbele ya wateja, hata macho. Siku moja shavu lilimwungua. Akasema, "Hii irudi motoni," na ikarudi. Wateja walipoliona lile shavu, walianza kununua tena.

Bila Bukuru, nani angemfungulia Misago mlango? Bila Misago, sabuni mbaya ingekuwa bado majumbani. Bila Yunia, nani angethubutu kuigusa mpya?

Ndipo Mzee Gwassa, aliyekuwa hawezi tena kuinuka kitandani, akawaita. Akaweka chapa ya shaba juu ya blanketi.

"Wanangu hawaitaki. Mmoja wenu alisema bado, wawili wakakata. Sasa kiwanda nitampa mtu mmoja, kiwe na neno moja. Semeni."

Yunia hakungoja. "Nipewe mimi, mzee. Hawa walinisaliti, na bado niliuweka uso wangu mbele kwa ajili yao."

"Ni kweli, dada, tulikusaliti," Misago akasema taratibu. "Lakini kwenye harusi ya binti yangu ulitafuna pilipili mbuzi nzima kama unatafuna karanga. Ulimi wako ulikufa lini?"

Yunia akainamisha kichwa. Magadi ya miaka yote ile yalikuwa yameula ulimi polepole.

"Huu mwaka wa pili," akasema.

"Na ile bado ya siku ile, ulijuaje?"

"Sikujua. Nilikuwa naogopa. Niliogopa kila pipa."

Bukuru akapiga paja. "Miaka miwili tunarudisha mapipa mazima motoni, tukidhani tunautii ulimi! Kumbe na sisi tulisalitiwa."

"Ningesema, mngeniweka wapi? Mlangoni nifagie?" Yunia akauliza huku analia. "Lakini mngerudisha pipa lile motoni, hakuna mtoto ambaye angeungua."

Kwa hilo, wote wawili wakaitikia kwa kichwa.

Mzee Gwassa akawatazama mmoja mmoja. Kisha akafumba macho na kuisukuma chapa mpaka ukingoni mwa kitanda, ilipo sasa, mbele yenu.

Haya, ninyi mliosikia yote. Apewe Bukuru aliyejiaibisha hadharani, Misago aliyetembea vijiji kumi na kimoja, au Yunia aliyeuunguza uso wake? Nyoosha mkono uichukue. Utamkabidhi nani, nawe utawaambia nini wawili watakaobaki?