Maboga ya Serikali ya Tembo

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na majiko, masufuria na serikali, pimbi walikuwa vitani na nyani. Wewe unayecheka, jana tu ulipigania ukoko na dada yako.

Nyani walikuwa wameteka chemchemi, na nchi nzima ya pimbi ilikuwa na hiyo moja tu. Pimbi wakabaki kulamba umande kwenye mawe, watoto midomo imewapasuka.

Serikali ya Tembo ikaona huruma. Ikatangaza, "Tutawasaidia pimbi mpaka vita viishe, hata vikichukua miaka. Lakini msaada wetu ni maboga. Mguu wa tembo hauingii vitani."

Basi kila mwezi ukiandama, du, du, du, anakuja Mheshimiwa Mkonga na tembo wenzake, wamebeba maboga. Na pimbi kwa adabu zao! Kwao mgeni hula kwanza mpaka ashibe, ndipo mwenyeji ale kilichobaki.

Sasa niambieni, tembo akishiba kinabaki nini? Mbegu.

"Leo tumesaidia sana," Mkonga husema, huku anacheua. "Mwezi ujao tutasaidia zaidi."

Miaka ikapita. Tembo wakanenepa. Vita vikakaa palepale.

Alikuwapo pimbi mmoja mjane, Bi Mashavu, ambaye ndiye aliyewapikia wageni. Siku moja mwenyekiti wa pimbi alimkuta anatwanga, twa, twa, twa, huku anapiga chafya.

"Unatwanga nini, Bi Mashavu?"

"Kiungo."

"Usije ukatuaibisha kwa wageni."

"Mwenyekiti, wewe kaa. Leo watakula chakula ambacho hawatakisahau."

Akachoma maboga, akayaponda, akamimina kinu kizima cha pilipili kichaa.

Mkonga akatia tonge la kwanza. Masikio yakasimama. Machozi yakamtiririka mpaka kwenye mkonga.

"Bibi," akanong'ona, "humu umetia nini?"

"Heshima, Mheshimiwa. Ongeza kidogo."

"Maji. Nipe maji."

"Yapo mengi, baba, tena ya baridi. Ila yako bondeni, kwa nyani. Na nyinyi mguu wenu hauingii vitani, tunajua. Kula tu."

Mkonga hakungoja. Du-du-du-du, tembo wote wakateremka bondeni, ndimi nje, wakilia kama ndama.

Nyani walikuwa wamekaa wanachambuana chawa. Jemadari wao akainuka, akasema, "Simama, taja jina—" Hakumaliza. Alirushwa pwaa kwenye tope, akatoka mbio, na jeshi lake lote likamfuata. Hawakugeuka nyuma.

Tembo walikunywa mpaka matumbo yakalia bwaku, bwaku. Mkonga akarudi, mdomo umemvimba kama andazi.

"Ieleweke," akasema, "hatukupigana."

"Hata kidogo, Mheshimiwa. Mlikunywa maji tu."

"Lakini nyani wameondoka. Kwa hiyo vita vimekwisha. Na vita vikiisha, msaada unaisha."

"Ole wetu," akasema Bi Mashavu. "Tutakula nini sasa?"

Tembo wakaondoka wakimwonea huruma. Walipopotea kilimani, Bi Mashavu akachukua ndoo ya maji ya chemchemi, akaenda kupanda mbegu za maboga alizokuwa akiziweka miaka yote hiyo.

Nanyi shikeni hili: msaada ukiliwa na aliyeuleta, utieni pilipili.