Faini ya Kamanda Lugwisha

Lugwisha, kamanda wa sungusungu, walinzi wa jadi wa kijiji, alikuwa amejipa mwenyewe upolisi na uhakimu. Siku mjane Nyamizi alipocheka mkutanoni, alimtoza faini ya mbuzi, na mbuzi akafungwa zizini kwa kamanda.

Wageni wa mradi wa usalama walipokuja kumsifu, Lugwisha alitunisha kifua. "Mwaka huu hapa kwangu hakuna aliyefanya kosa."

Nyamizi akanyoosha mkono. "Kwa hiyo hukumtoza mtu faini, baba?"

"Faini ya nini, mama, na mkosaji hayupo?"

"Afadhali. Nilidhani mbuzi wangu yuko zizini kwako kwa kosa langu, kumbe alikuja kutembea tu. Kamba ninayo. Nikamchukue?"

Wageni wakamgeukia kamanda.

"Kamchukue," akasema, akitazama viatu vyake.