Ngoma ya Nyuma ya Pazia

Hapo zamani za kale, wadogo zangu, enzi zile wanyama walipokuwa na majiko, na wakwe, na ugomvi wa kugombea kivuli, palikuwa na ghala ndani ya pango. Huko ndiko vilikopakiwa vifurushi vya nchi nzima: mahindi ya Ngiri, asali ya Nyegere, mikeka ya Kanga. Mchana ulifika mlangoni, ukachungulia, ukarudi zake.

Kindi alikwenda kuomba kazi hapo mwaka wa njaa. Nyumbani kwao mama alikuwa amevunjika mguu, na wadogo zake walikuwa wakilamba vyungu vitupu.

"Wewe ndiye mpakiaji mpya?" akauliza Fisi, msimamizi wa ghala. Akamzunguka akimnusa. "Mbona mkia mkubwa kuliko mgongo? Utapakia nini wewe, manyoya?"

"Nitapakia utakachonipa, Bwana Fisi."

"He! Mdomo anao. Haya, daka!"

Akamrushia ngata, ile pete ya nyasi ya kukalishia mzigo kichwani. "Ilikuwa ya Nungunungu."

Kindi akaivaa. Ilikuwa bado na joto.

"Na Nungunungu mwenyewe yuko wapi?"

Fisi akacheka kicheko chake kile, nanyi mnakijua. "Kaenda kupumzika."

Mwisho wa ghala lilining'inia pazia la ngozi nyeusi, na nyuma ya pazia kulikuwa na ngoma. Hakuna aliyewahi kumwona mpigaji. Ndi! Ndi! Ndi! Kila pigo lilitaka kifurushi chake: unakitwaa rundoni, unakimbia nacho, unakibwaga ukingoni mwa mwamba inapongoja mikokoteni, puu! Kisha mbio tena. Aliyeachwa na ngoma aliitwa nyuma ya pazia akapumzike. Na waliokwenda kupumzika hawakuonekana tena.

Pembeni mwa Kindi alipakia Nyati, mwenye mabega kama milango miwili.

"Kaka Nyati, mbona mnakimbia hivi?"

"Mdogo wangu, usiongee, tunza pumzi. Asubuhi ngoma huwa polepole. Tunakimbia ili tuipite. Tukiipita, itatuacha."

"Mmewahi kuipita?"

Ngoma ndiyo iliyojibu: Ndi-ndi! Ndi-ndi!

Kindi akakimbia. Shingo ikamuuma, miguu ikamwaka moto. Akaongeza mwendo, ngoma nayo ikaongeza, kama mtu anayekukanyaga visigino gizani. Baadaye akahisi jambo lililomtisha kuliko uchovu: moyo wake ulikuwa umeacha mapigo yake wenyewe, ukashika mapigo ya pazia.

"We Kindi!" Fisi akafoka. "Umeanza kubaki. Nikikuona nyuma tena kabla mkokoteni huu haujajaa, nitakupumzisha."

Kazi ikasimama? Wapi! Hakuna aliyethubutu hata kugeuka.

Mzigo uliofuata ulikuwa gunia la chumvi. Kindi alipofika ukingoni, kichwa kikamwelemea. Ngata ikaponyoka, ikatangulia kuanguka, na gunia likatua juu yake. Fyu. Halikulia puu.

Na ngoma ikakwama.

Ilikuwa nafasi ya pumzi moja tu, kisha ikaendelea, ndi! Wengine hawakuigundua, maana anayekimbia hasikii vizuri. Lakini Kindi aliisikia.

Akaleta kifurushi kingine, akakitua juu ya ngata. Fyu. Ngoma ikakwama. Akaleta kingine, akakibwaga kwenye mwamba mtupu. Puu! Ndi! Kisha akapiga kisigino chini haraka haraka, ta-ta-ta, kimchezo tu.

Ndi-ndi-ndi! ikajibu ngoma.

Manyoya yakamsimama, toka shingoni hadi ncha ya mkia.

"Kaka Nyati," akanong'ona, "sisi hatuifuati ngoma. Ngoma ndiyo inatufuata. Tunavyobwaga haraka ndivyo inavyozidi."

"Acha hizo. Huyo mpigaji atatuonaje na pazia lote lile?"

"Yeye hatuoni. Wala hatusikii kwa masikio. Fisi anapayuka mchana kutwa, ngoma haijali. Lakini nikigusa mwamba kwa kisigino, inajua. Kaka, nani huyo asiye na masikio, anayesikiliza ardhi kwa tumbo lake?"

Nyati akasimama na mzigo kichwani. Macho yakamtoka.

"Chatu," akasema, na sauti haikutoka. Midomo tu ndiyo iliyotikisika.

"Kindi!" Fisi alikuwa amewafikia, anatabasamu. "Maongezi matamu, eeh? Umeachwa. Pita ukapumzike."

Ghala zima likatazama chini. Kindi akawaza chungu cha mama yake. Akajifanya anamuaga Nyati, akamwambia sikioni:

"Nikishapita, kila mmoja atue mzigo juu ya ngata. Mkanyage kwa ncha za kwato. Ardhi inyamaze."

"Na wewe je, mdogo wangu?"

"Mimi ni manyoya tu, kaka. Si umemsikia?"

Akaingia.

Nyuma ya pazia kulikuwa na baridi, na harufu ya chumba kilichofungwa masika yote. Kindi hakukanyaga chini. Alirukia pazia lenyewe kwa ndani, kucha zikashika ngozi, akabaki amening'inia.

Macho yalipozoea giza, akaona ngoma pana kama mdomo wa kisima. Juu yake mkia ulikuwa ukipanda na kushuka, ukipanda na kushuka. Mwili uliobaki uliizunguka ngoma, mkunjo juu ya mkunjo, hadi pasipoonekana. Kando yake ililala miiba ya Nungunungu, imepangwa vizuri kama vijiko vya mgeni.

Kichwa kikainuka. Ulimi ukatoka, ukaonja hewa.

"Umefika, mgeni wangu," ikasema sauti kama nyasi zinazoburutwa. "Nakunusa. Kanyaga basi, nijue ulipo."

Kindi hakupumua.

Huko nje, puu zikaanza kupungua. Puu... puu... fyu. Fyu. Kisha kimya.

Ndi... ikasema ngoma. Ndi... Mkia ukapanda, ukabaki juu, haujui ushuke lini.

"Wako wapi?" ikauliza sauti, na safari hii ilikuwa na hofu ndani yake. "Wameenda wapi wote?"

"Nani kanyamazisha ngoma?" Fisi alikuwa akipiga kelele nje. "Wewe huko ndani! Piga! Piga nakwambia!"

Kimya.

"Labda kapitiwa na usingizi, Bwana Fisi," akasema Nyati kwa upole. "Sisi hatumjui. Wewe ndiye mwenyeji wake, kamwamshe."

"Mizigo mikubwa, akili ndogo! Ngojeni nirudi!"

Fisi akalipiga pazia kofi, akaingia akichechemea. Kwata... kwata... kwata...

"Ahaa," ikasema sauti. "Huyu hapa. Na anavyokwenda polepole!"

"Ni mimi! Ni mimi Fisi! Mimi ndiye ninayekuletea! Chatu, ni mimi!"

Aliyasema yote hayo kwa asiye na masikio. Mikunjo ikasogea mara moja tu. Kikasikika kicheko kile mnachokijua. Kilianza, lakini hakikufika mwisho.

Kindi akateleza upande wa pili wa pazia, akaangukia mgongoni mwa Nyati. Chatu aliyeshiba hulala sana. Wapakiaji wakasukuma jiwe, wakaziba chumba kile kwa utaratibu, bila kishindo. Jioni hiyo Kindi alirudi kwa mama yake na kikapu cha mahindi, na moyo wake ulikuwa umeanza kurudi kwenye mapigo yake.

Tangu siku hiyo ghalani waliimba wenyewe, na wimbo ulikwenda kwa mwendo wa yule aliyechoka zaidi. Ila mara mojamoja mwamba ulitikisika chini ya nyayo, taratibu, ndi... ndi..., na mpakiaji mgeni akauliza, "Nini hiyo?"

"Ni mtu anauliza tuko wapi," alisema Kindi. "Usimjibu. Tua polepole."

Basi, wadogo zangu: ukikimbizwa, usikimbie tu, sikiliza kwanza ujue nani anakukimbiza.